"SASS": neno la Kiingereza lililoanzia kwenye chumvi, na habari ya nani anaruhusiwa kujibu

#1 – Mleta uzi

Salaam wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke kiporo arudi nao jioni.

Jumanne iliyopita mwanangu wa darasa la tatu alirudi na karatasi ya njano kutoka shuleni. Naishi Ohio, Marekani, huu mwaka wa 11. Wazazi wa hapa karatasi tunazijua kwa rangi: nyeupe ni matangazo, njano ni kesi. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kusukumizwa chini kabisa ya begi, chini ya kopo la chakula, kona moja imelowa maji ya embe. Penye mstari wa "sababu" mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: "Sass", na baada yake, "alipoambiwa atulie".

Neno lenyewe nalisikia kila siku kazini na kwenye basi. Lakini usiku ule nilipompigia mama yangu Muheza nikataka kumweleza, nikakwama. Nikasema, "Mama, mjukuu wako kaandikiwa barua, kamkosea adabu mwalimu." Mama akauliza, "Kafanyaje?" Nikasema, "Kamjibu." Simu ikakaa kimya kidogo, nasikia jogoo wa jirani tu, maana kwao kulikuwa kunapambazuka. Kisha akasema, "Kamjibu nini? Na yeye mwalimu kamuuliza nini?"

Nikamrudia mtoto. Ikawa hivi: meza yao watoto wanne walipiga kelele, mwalimu akaifutia meza nzima mapumziko ya kucheza nje. Mwanangu akanyoosha mkono akasema, "Mimi sikuongea. Kwa nini na mimi?" Basi.

Nimekaa na neno hili wiki nzima. Nimesoma kamusi za Kiingereza, nimerudi kwenye vitabu nilivyosoma zamani, na nilichokikuta kinatuhusu hata sisi tunaoongea Kiswahili. Kwetu kujibu ni wema ukiulizwa, ni kosa ukisemwa. "Usinijibu!" Nani hajaambiwa hivyo utotoni? Hatusemi "usinijibu vibaya". Jibu lenyewe ndilo kosa. Na "sass" ni hilohilo: jibu la mtu ambaye hakutakiwa kuwa na jibu.

Tuanze na asili. "Sass" ni "sauce" iliyopindishwa matamshi. Sauce ni ileile sosi tunayomwagia chipsi. Waingereza waliipata kwa Wafaransa katika Zama za Kati, nao Wafaransa waliitoa kwenye Kilatini *salsa*, yaani kitu kilichotiwa chumvi, kutoka *sal*, chumvi. Salsa ya Wahispania ni neno hilohilo bila hata kubadilika. Saladi ni mtoto wa ukoo huo, soseji pia. Kwa hiyo Kiswahili kimeshawapokea ndugu zake kadhaa jikoni bila kujua kwamba wana ndugu yao mwingine mtukutu.

Katika karne ya 16 Waingereza walianza kumwita mtu "saucy", mwenye sosi. Maana yake: amekolea kupita kiasi, anawasha, hana adabu kwa mkubwa wake. Chakula bila sosi kinalika, na mtu wa chini asiye na neno anavumilika. Akianza kukolea, kosa.

Mfano ninaoupenda upo mwanzoni kabisa mwa tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili na ikachapishwa mwaka 1963. Viongozi wawili wa Roma wanawakuta mafundi mtaani siku ya kazi, hawana zana wala nguo za kazi. Wanamuuliza mmoja, wewe kazi yako nini? Ni fundi viatu, lakini anajibu kwa mafumbo, anacheza na neno moja la Kiingereza ambalo kwa sikio ni soli na ni roho pia. Kiongozi anakasirika. Fundi anamwambia, mheshimiwa, usinichanikie, lakini hata ukichanika naweza kukushona. Hapo ndipo kiongozi anapomwita "saucy fellow". Angalieni nani kamwambia nani. Fundi hakutukana. Alichofanya ni kuwa mwepesi wa akili kuliko mtu aliyevaa joho. Kiongozi angelitamka neno lile kwa fundi hata mara kumi. Fundi asingeweza kumrudishia hata mara moja, kwa sababu neno hili husafiri kushuka tu.

Nitaendelea. Naenda kuwalaza watoto.

#2 – Mdau

Mkuu nilipoona kichwa cha uzi nilijua unaongelea Sass ya sisi watengeneza tovuti. Hiyo nayo ina uhusiano?

#3 – Mleta uzi

Sass ya kupangia mitindo ya kurasa za wavuti ilianzishwa na Hampton Catlin mwaka 2006. Jina ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, na kufikia wakati huo neno *sass* lenyewe lilikuwa limegeuka sifa. Huko tutafika.

Kabla hamjauliza: *sassafras*, ule mti wenye harufu, hauna undugu na neno hili. Wala *Sassenach*, jina ambalo Waskoti huwaita Waingereza. Hilo linatokana na "Saxon".

Tuvuke bahari. Sauce ilipofika Marekani ilifanya mambo mawili.

Kwanza, mdomoni. Watu wa mashambani walifupisha irabu yake. Ndio haohao waliomwita mzimu "hant" badala ya *haunt*, na kisahani cha chai "sasser" badala ya *saucer*. Kwa njia hiyo *sauce* ikawa *sass*, *saucy* ikawa *sassy*. Katika maandishi zinaonekana miaka ya 1830.

Pili, mezani. Kule New England, kaskazini mashariki, *sauce* au *sass* haikuwa majimaji ya kumwagia tu. Ilikuwa kila kinachosindikiza nyama, hasa mazao ya bustani. Walikuwa na "sauce ndefu", yaani karoti, viazisukari na jamii yake, na "sauce fupi", yaani viazi, vitunguu, tanipu. Niliposoma hayo nikamkumbuka mama. Kwetu ukiuliza "mboga leo nini?" unajibiwa "samaki" na hakuna anayeshangaa, kwa sababu mboga ni kile kinachoteremshia ugali. Mkulima wa New England wa mwaka 1840 na mama yangu wangeelewana kabisa: huyu ana sass, yule ana mboga.

Sasa niingie kwenye sehemu nzito.

Marekani ya wakati huo ilikuwa na mamilioni ya watu waliomilikiwa. Na mahali watu wanapomilikiwa, adabu huwa sheria ya nchi. Mwaka 1806 eneo la Orleans, ambalo leo ni jimbo la Louisiana, lilipitisha sheria kuhusu watu weusi. Kifungu kimoja hakikuwahusu hata watumwa, kiliwahusu watu weusi waliokuwa HURU. Kilisema wasiwatukane wala kuwapiga wazungu, wasijidhanie kuwa sawa nao, wawapishe kila mahali, na wasiseme nao wala kuwajibu ila kwa heshima. Wakivunja, kifungo. Rudieni hapo: wala kuwajibu. Kujibu kuliandikwa kwenye kitabu cha sheria.

Frederick Douglass, aliyezaliwa utumwani Maryland akatoroka, alichapisha habari za maisha yake mwaka 1845. Anamweleza msimamizi mmoja aitwaye Gore, aliyeweza kuugeuza mtazamo, neno au ishara ndogo kabisa ya mtumwa kuwa ufidhuli. Na mbele anasema kwamba mtumwa akithubutu kujitetea anaposhutumiwa, basi ana hatia ya ufidhuli, moja ya makosa makubwa kabisa ambayo mtumwa angeweza kuyatenda. Neno alilotumia Douglass ni la kitabuni, *impudence*, ambalo kwa Kilatini maana yake hasa ni kukosa haya. Lakini mwaka 1936 hadi 1938 serikali ya Marekani ilipotuma watu kuwahoji wazee waliowahi kuwa watumwa, mahojiano zaidi ya 2,000, neno linalosikika vinywani mwa wazee wale ni *sass*. Fulani alichapwa kwa sababu "alim-sass" msimamizi, mwingine aliuzwa mbali kwa sababu hiyo hiyo.

Mwanangu alisema, "Mimi sikuongea. Kwa nini na mimi?" Hiyo ni kujitetea unaposhutumiwa. Nilipomsoma Douglass nikakumbuka ile karatasi ya njano, nikafunga kitabu kwanza.

#4 – Mdau, Mombasa

Shukrani kwa uzi huu kaka. Waingereza nao wana maneno mengi ya jambo hili na mengi ni viungo vya mwili. *Cheek* ni shavu. *Lip* ni mdomo. Huku kwetu mtoto wa namna hiyo twasema "ana mdomo" au "mkavu wa macho". Na "uso mkavu" ni yule asiyetahayari. Naona watu wote wakitafuta ufidhuli hutazama usoni kwanza.

#5 – Mleta uzi

Ndugu yangu wa Mombasa umenigusa penyewe. *Cheek* kwa maana ya ufidhuli ni ya karne ya 19, na nyumbani kwake Uingereza imelegea, siku hizi karibu ni utani. Mtoto mtundu anaitwa *cheeky* na bibi yake huku akibanwa shavu hilohilo. Lakini neno hilo lilisafiri na wakoloni. Afrika Kusini mzungu alipomwita mtu mweusi *cheeky* hapakuwa na utani hata chembe, na wazee wa kule mpaka leo wakilisikia linawachoma. Kwa hiyo neno moja linaweza kuwa busu London na kofi Johannesburg.

"Mkavu wa macho" naipenda sana. Haya yanakaa machoni, machozi ni maji, asiye na haya amekauka. Kiingereza hakina kitu kizuri namna hiyo.

Acha niweke na mengine ya Kiswahili, kwa sababu nimeyachimba wiki hii na yamenishangaza.

*Ujuvi.* Mtoto mjuvi. Neno limetoka kwenye kujua. Kosa lake ni kwamba anajua, na ameonyesha.

*Ufidhuli* au *ufedhuli.* Kiarabu *fudhuli* ni mtu anayejiingiza yasiyomhusu, kutoka mzizi wenye maana ya ziada, kilichozidi. Mzizi huo huo ndio uliotupa fadhila, fadhili, na, shikeni viti, *tafadhali*. Ziada ikitoka kwa mkubwa kushuka ni fadhila. Ikitoka kwa mdogo kupanda ni ufidhuli. Katikati amekaa anayeomba, anasema tafadhali.

*Jeuri.* Hili ndilo lililoninyima usingizi. Kwa Kiarabu *jaur* ni dhulma, hasa ya mtawala: anayeonea, anayepotoka kwenye haki. Kwa Kiswahili bado tunaweza kusema jeuri ya wenye nguvu. Lakini mara nyingi tunamwambia nani? Mtoto aliyekataa kutumwa dukani. Msichana wa kazi aliyeuliza mshahara wake wa mwezi uliopita. "Jeuri huyo!" Neno la kumshitaki sultani limeshushwa mpaka kwa msichana wa kazi.

#6 – Mdau

Mkuu kuna sehemu nilisoma kwamba *sass* asili yake ni Afrika Magharibi, kuna mti wa sumu unaitwa hivyo. Hiyo ya sosi na chumvi si ndio ileile tabia ya wazungu ya kuchukua kila kitu?

#7 – Mleta uzi

Swali zuri na sitaki kulipita juu juu.

Mti upo kweli. Jina lake la kisayansi ni *Erythrophleum*, na Liberia gome lake huitwa *sassy bark* au *sassywood*. Lilitumika kuapisha: mshukiwa, mara nyingi wa uchawi, ananyweshwa maji ya gome, akitapika hana hatia, akifa alikuwa na hatia. Gome lina sumu inayoshambulia moyo. Mwanazuoni Joanne Braxton, Mmarekani mweusi aliyeandika mwaka 1989 kuhusu wanawake weusi waliosimulia maisha yao wenyewe, aliliunganisha neno *sass* na mti huo: maneno ya mwanamke aliyebanwa ukutani, yenye sumu ya kumuumbua anayemnywesha.

Msimamo wangu ni huu. Kwa upande wa sauti, njia ya *sauce* imenyooka kabisa, kila hatua ina maandishi, na *saucy* yenye maana ya ufidhuli ilikuwapo Uingereza kabla meli ya kwanza ya watumwa haijafika Virginia. Kwa hiyo mzizi ni chumvi. Lakini neno likishafika kwa watu, wale watu hulitia ya kwao. Braxton yuko sahihi kabisa juu ya kile ambacho wanawake wale walilifanyia.

Mfano ni Harriet Jacobs. Alizaliwa Edenton, North Carolina, mwaka 1813, mtumwa. Bwana wake alimwandama kwa miaka akimtaka kimwili. Katika kitabu chake cha 1861 anaeleza siku bwana huyo alipomuuliza kama anajua kwamba ana haki ya kumfanya apendavyo, hata kumuua. Msichana akajibu: umeshajaribu kuniua, na natamani ungefanikiwa, lakini huna haki ya kunifanya upendavyo. Jibu. Hana fimbo, hana sheria, hana wa kumkimbilia, ana jibu tu. Baadaye alijificha darini kwa bibi yake karibu miaka saba, kijidari chenye urefu wa futi tisa, upana futi saba, na penye kimo kikubwa kabisa futi tatu. Hawezi kusimama. Anatoboa tundu aone watoto wake wakipita chini. Mwaka 1842 akafika kaskazini. Kamusi ya bwana wake ingemwita *sassy*.

#8 – Mdau, Ruvuma

Mleta uzi, mti huo huku kusini tunao. Ni mwavi. Babu alinionyesha gome lake nikiwa mdogo, jekundu kwa ndani, akaniambia nisiliguse kisha nikatia mkono mdomoni. Alisema zamani kijiji kizima kilikuwa kinanyweshwa, na waliokuwa na maneno mengi ndio waliokuwa wakitajwa kwanza. Wajane wasiokubali kurithiwa, mtu aliyembishia mwenye kijiji. Samahani kama natoka nje ya mada.

#9 – Mleta uzi

Hujatoka nje hata hatua moja. Mwavi ndio mti huohuo, *Erythrophleum*. Nimesoma bandiko lako mara tatu. "Waliokuwa na maneno mengi ndio waliokuwa wakitajwa kwanza." Asante sana, na babu yako Mungu amrehemu.

#10 – Mdau

Sasa imekuwaje leo *sassy* imekuwa sifa? Mabinti wanaandika kwenye wasifu wao. Na fulana zinauzwa.

#11 – Mleta uzi

Polepole. Utumwa ulikwisha kisheria mwaka 1865, ila kujibu kuliendelea kuwa kosa. Mwaka 1963 mwanaharakati Mary Hamilton alikuwa kizimbani Gadsden, Alabama. Wakati ule mahakama za kusini ziliwaita mashahidi wazungu "Bwana" na "Bi", na weusi kwa jina la kwanza tu, kama watoto. Mwendesha mashtaka akamwita "Mary". Akasema jina langu ni Bi Hamilton, na sitajibu mpaka niitwe ipasavyo. Jaji akaamuru ajibu. Akakataa. Siku tano jela na faini ya dola 50 kwa kuidharau mahakama. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1964 ikaifuta hukumu ile. Safari hii alihukumiwa kwa KUTOJIBU. Ukijibu ni sass, usipojibu ni dharau.

Wazee wetu waliofanya kazi kwa wakoloni wanaelewa bila kufasiriwa. Mtu wa miaka 50, mwenye wajukuu, akiitwa "boi". Neno limeingia mpaka kwenye kamusi zetu.

Mageuzi yalikuja kwa wanawake. Kadiri wanawake wa Marekani, weusi na weupe, walivyopata nafasi ya kusema, neno walilokuwa wakipigwa nalo wakaliokota. Mwaka 1988 lilianzishwa jarida la wasichana lenye jina *Sassy*, likadumu mpaka 1996, likizungumza na mabinti kama watu wazima wenye akili. Tangu hapo *sassy* ni msichana mchangamfu, anayejiamini, asiyemezwa. Fulana zimetokea huko.

Ila kuna jambo linaniuma na nitalisema. Msichana wa Kizungu akiwa *sassy* anapendeza. Mwanamke mweusi amevalishwa neno hilo kama sare. Katika mchezo wa *Amos 'n' Andy*, ulioanza redioni mwaka 1928 na kuonyeshwa kwenye televisheni miaka ya 1950, kulikuwa na mke aitwaye Sapphire, kazi yake kumfokea mumewe, mikono kiunoni. Sura hiyo haijafa. Mpaka leo mwenzangu kazini, Mkenya, mtaalamu wa hesabu, akitoa hoja kikaoni kwa sauti ya kawaida kabisa, mtu atacheka aseme, "Ee, leo una *sass*!" Anadhani amemsifu. Hoja yake imegeuzwa burudani na hakuna aliyeijibu.

#12 – Mdau

Kwa tafsiri basi, mkuu. "Don't sass me" utaiweka vipi kwa Kiswahili?

#13 – Mleta uzi

"Usinijibu." Ni neno moja na linatosha. Ukiweka "usinifanyie ufidhuli" umepandisha mtu jukwaani. "Usiniletee mdomo" inafaa kwa watu wa rika moja. Na *sassy* ya kusifia, mimi naona "ana maneno", kwa ile sauti ya shangazi anaposema "huyu mtoto ana maneno huyu!" huku anacheka na kumsogeza karibu. Usitumie chumvi. Kwetu kutia chumvi ni kuzidisha habari, na aliyekula chumvi nyingi ni mzee, mwenye haki ya kusema kuliko wote barazani. Chumvi yetu na chumvi ya Warumi zimekwenda njia tofauti.

#14 – Mdau, Tanga

Hujatuambia ya dogo. Karatasi uliisaini?

#15 – Mleta uzi

Nilisaini. Penye maoni ya mzazi niliandika: "Aliuliza swali. Naomba ajibiwe." Mke wangu alisoma akaniangalia, hakusema kitu, akairudisha kwenye begi.

Ijumaa niliitwa. Nilikuwa nimejiandaa, nina Douglass kichwani na sheria ya mwaka 1806. Nikamkuta mwalimu, mama mtu mzima, mweusi, miwani kwenye mnyororo, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alizaliwa Georgia. Alikuwa na karatasi ya njano mezani, maandishi yangu juu.

Hakunigombeza. Aliniambia neno lile ni la bibi yake. Bibi yake alilitumia kila siku, na kila mara alilitumia kwa woga. Mwaka 1955 Emmett Till, mvulana wa miaka 14 kutoka Chicago, alikwenda likizo kwa ndugu zake Mississippi, akadaiwa kumzoea vibaya mwanamke wa Kizungu dukani, akauawa. Mama yake alikuwa amemwonya kabla hajapanda treni: kule si kama huku, chunga mdomo. Baada ya hapo, akasema mwalimu, kila bibi wa Georgia alikuwa na Emmett wake ndani ya nyumba. Mtoto akisema "kwa nini?" mezani, kijiko kinagongwa. Walimnyamazisha nyumbani ili asije akanyamazishwa barabarani.

"Nikimwona mwanao," akasema, "mvulana mweusi, mrefu kwa umri wake, anayesema 'kwa nini mimi' kwa sauti, mkono wangu unaandika kabla sijafikiri."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kuhusu mama yangu na lile swali lake la simuni. Akaniomba nilirudie, nikalirudia, akaliandika pembezoni mwa karatasi.

Jumatatu alimwita mwanangu mezani kwake kabla kengele haijalia. Nimepata habari hii kwa mtoto mwenyewe, kwenye gari, huku anamenya ndizi. Mwalimu kamwambia hivi: "Uliniuliza kwa nini. Jibu ni kwamba sikuangalia vizuri nani alikuwa anaongea. Leo mapumziko yako ni marefu kwa dakika kumi."

Nikamuuliza, "Na wewe ukasemaje?"

"Nikamuuliza na wenzangu je, maana na Danieli hakuongea."

"Akasemaje?"

"Kaniangaaalia. Halafu akasema, mwite Danieli."